Naomba ushauri: injini ya ndege ya modeli inazima nikiinua pua

Habari zenu wakuu. Injini ni ya mipigo miwili, ujazo wa inchi za mchemraba 0.46, ya plagi ya joto (yenye waya unaowashwa kwa betri, kisha unabaki na moto wenyewe). Mafuta ni methanoli yenye nitromethani 10% na oili 20%. Hapa Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo sindano kuu (skrubu ya kabureta inayopima mafuta) nimeibana kidogo ili mafuta yapungue.

Inawaka vizuri, na nikiondoa betri ya plagi haizimi. Shida ni nikipiga resi hadi mwisho kisha nikainua pua: mlio unapanda, nguvu inaisha, inazima kama imekosa mafuta. Kwenye mpira wa mafuta naona viputo.

Plagi na mipira ni mipya. Skrubu za kabureta na za kifuniko cha nyuma zimekazwa. Tangi nililizamisha majini nikalipuliza, halivuji. Nikilegeza sindano inavumilia kidogo, ila ndege ikiwa imelala usawa inatoa moshi mzito na kuzubaa.

Nitatofautishaje povu la mtikisiko (tangi limekaa juu ya ubao, halina sponji) na hewa inayopenya kwenye ringi ya mpira ya sindano, bila kufungua kabureta? Na katikati ya tangi ikae milimita ngapi chini ya sindano?