Mrejesho: asali ya miwa safari hii imekubali

Wadau, ni mimi niliyelalamika kwamba asali yangu ya miwa, yaani juisi ya miwa iliyochemshwa hadi ikawa nzito, ilitoka nyeusi, chungu kidogo, na baada ya siku chache ikajaa punje za sukari chini ya chupa. Nimerudia, na nimekuja kushukuru.

Kosa kubwa lilikuwa povu. Nilikuwa naacha juisi ichemke hadi ule uchafu wa kijani unarudi ndani. Sasa nimeipasha taratibu, nikaengua povu kabla haijatokota, nikaengua tena na tena mpaka mkono ukachoka. Rangi imetoka ya kahawia inayong'aa!

Limau nalo limesaidia: nilikamulia kidogo tu, na hadi leo, wiki ya tatu, hakuna punje. Mwishoni nilipunguza moto, nikaepua ilipofika nyuzi 107 hivi za Selsiasi. Aliyeniambia nisisubiri iwe nzito sufuriani alisema kweli, maana ikipoa huongezeka uzito yenyewe.

Lita 8 za juisi zimenipa kama lita moja tu. Inauma, lakini kwenye uji ni balaa. Nusu chupa imeshakwenda, na sijui nani analamba usiku.