Dawa za nyumbani: zipi zinasaidia kweli, kwa kipimo gani, na watu hukosea wapi?

Kabati_la_Jikoni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naandaa karatasi ya kubandika ndani ya mlango wa kabati, ili yeyote atakayekuwepo nyumbani ajue la kufanya kabla mtu mzima hajafika. Sitaki maneno ya juu juu kama "asali ni nzuri kwa kikohozi". Nataka kipimo, muda, na wapi mtu aachie hapo aende hospitali.

Ninayotaka kuyaandika: kuungua maji moto, kuhara, kikohozi na koo kuwasha, kifundo cha mguu kuteguka, na kujikata kisu. Kwenye kuungua ndiko majibu yanagongana zaidi. Mmoja kasema dawa ya meno, mwingine ute wa yai, mwingine barafu, mwingine shubiri. Nimwandike nani?

ZamuYaUsiku

Usimwandike hata mmoja kati ya hao kwenye mstari wa kwanza. Andika: MAJI YA BOMBA, DAKIKA 20.

Sababu ni hii. Ukishaondoka kwenye maji moto, joto bado limo ndani ya ngozi na linaendelea kuunguza tabaka za chini. Kazi ya kwanza ni kulitoa. Maji ya kawaida yanayotiririka hulibeba na kwenda nalo. Wengi huishia dakika mbili tatu kwa kuwa maumivu yametulia, kisha yanarudi kwa sababu joto la ndani halijaisha. Tazameni saa. Na aliyechelewa asikate tamaa: ndani ya saa 3 tangu kuungua bado kuna faida. Kama bomba halitoi, mimina kwa kikombe taratibu, au tumbukiza kiungo kwenye ndoo ya maji safi.

Wakati maji yanatiririka, vua pete, saa na bangili, maana baada ya muda kiungo kitavimba na hazitatoka. Nguo iliyolowa maji moto itoke mara moja, ila iliyonata kwenye ngozi usiing'oe, kata kuizunguka. Mtoto mdogo mpoze sehemu iliyoungua tu, mwili uliobaki ufunikwe, asije akapoa kupita kiasi.

Barafu hubana mishipa ya damu, na ngozi iliyokwisha kuumia ikikosa damu inakufa zaidi. Dawa ya meno, siagi na mafuta hukaa juu ya kidonda na lazima vikwanguliwe hospitali ili wauone undani wake. Hebu fikiria maumivu ya kukwanguliwa. Ute wa yai bichi unaweza kuleta vijidudu.

Baada ya dakika 20, tandaza ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula. Tupa mzunguko wa kwanza wa nje, kisha laza kipande juu ya kidonda kwa urefu. Usiizungushe kama bandeji, kwa sababu kiungo kikivimba itabana. Malengelenge yaache, ile ngozi ya juu ndiyo kifuniko bora kuliko chochote utakachonunua.

Hospitali moja kwa moja: jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe aliyeungua, la usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungio au sehemu za siri, lililogeuka jeupe au jeusi, la umeme au kemikali, na mtoto mdogo karibu kila mara.

Mche_wa_Dirishani

Niongeze kuhusu shubiri, kwa sababu si uongo mtupu, tatizo ni inavyokatwa. Jani lina vitu viwili: ute angavu wa katikati, na utomvu wa manjano ulio chini tu ya ganda. Huo wa manjano huwasha ngozi, na ukinywewa ni dawa kali ya kuharisha. Kata jani nene la chini, lisimamishe wima kwenye glasi dakika 10 hadi 15, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka utomvu uishe kudondoka. Osha, menya ganda, chukua ule ute angavu peke yake. Paka baada ya kupoza, kwenye ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila kuchanika wala lengelenge. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono.

Na kwa wale wanaofunga kitunguu saumu kilichopondwa juu ya jino, chunusi au kidonda: acheni. Kikikaa muda kinaunguza ngozi kweli, na malengelenge yanatoka.

KijikoSawasawa

Kuhara ndiko kunakohitaji kipimo kuliko yote, na ndiko watu wanakokadiria kwa jicho.

Kama kuna pakiti ya chumvichumvi (ORS) ya duka la dawa, hiyo ndiyo chaguo la kwanza, maana ina potasiamu ambayo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Soma nyuma ya pakiti kabla ya kumimina maji. Ziko za lita 1 na ziko ndogo zaidi, na ya lita 1 ikikorogwa kwenye glasi moja inakuwa na chumvi ya hatari.

Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1 kamili, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vyote visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Kijiko cha chai ni mililita 5 na cha mezani ni 15, kwa hiyo ukikosea kijiko umezidisha mara tatu. Koroga mpaka maji yawe angavu, onja: yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, mwaga uanze upya. Baada ya saa 24 mwaga yaliyobaki.

Ukutani mwa utumbo, sukari na chumvi huingia pamoja na kuvuta maji nyuma yake, na njia hiyo huendelea kufanya kazi hata mtu akiwa anaharisha. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Sukari ikizidi huvuta maji kuyarudisha utumboni na kuhara kunaongezeka. Soda na juisi tamu zinakosea hapo hapo. Chumvi ikizidi inaweza kumletea mtoto degedege.

Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Kuanzia miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri awezavyo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja cha chai kila dakika 2 au 3. Kosa kubwa ni kumpa kikombe kizima kwa mkupuo kwa sababu ana kiu. Kunyonya na kula kuendelee. Mtoto apate na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi 6 apate 10.

Damu kwenye choo, macho kuzama, kulegea, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi: hapo karatasi imemaliza kazi, nendeni hospitali.

Kabati_la_Jikoni

Asanteni sana, hii ya kusawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu naichora kabisa. Sasa kikohozi. Kuna mtoto wa miezi minane nyumbani. Nimeambiwa asali ikichemshwa kwanza inamfaa. Ni kweli? Na kujifukiza je?

Dada_wa_Famasia

Hapana, ndugu yangu. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba kidoleni, mbichi wala iliyochemshwa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Utumbo wa mtoto mchanga bado unaziruhusu kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Huyo wa miezi minane mpe maziwa mara kwa mara, na pua iliyoziba mdondoshee maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kunyonya.

Waliovuka mwaka, asali ni dawa nzuri ya kikohozi cha usiku, nusu saa kabla ya kulala: nusu kijiko cha chai mpaka miaka 5, kijiko kimoja miaka 6 hadi 11, viwili kuanzia 12. Waswaki kabla ya kulala. Koo likiwasha, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, mtu asukutue na kutema. Mtoto asiyeweza kusukutua bila kumeza, mwache.

Kujifukiza kwa beseni na shuka kichwani usikuandike kabisa. Faida yake ni ndogo, na beseni likipinduka mapajani tunarudi kwenye jibu la ZamuYaUsiku.

Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe, hata kama mgonjwa anatembea. Anayepumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, asisubiri hata asubuhi.

ZamuYaUsiku

Yaliyobaki ni mepesi. Kifundo kilichoteguka: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa 2 au 3 siku mbili za kwanza, mguu ukiwa juu ya mto. Kukanda kwa maji moto na kuchua kwa nguvu siku hizo kunaongeza uvimbe. Kama umeufunga bandeji na vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, ilegeze. Asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia sana ukibonyeza mfupa wenyewe, apigwe eksirei.

Kisu: bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, maana kila ukichungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Kisha osha kwa maji yanayotiririka, sabuni iwe pembeni mwa kidonda. Spiriti ndani ya kidonda huua na seli zinazotakiwa kukiponya. Paka mafuta ya mgando kidogo, funga, badilisha kila siku. Kidonda kilicho wazi kama mdomo au kisichokoma kuvuja kinataka kushonwa siku hiyo hiyo. Pembeni mwa karatasi acha nafasi ya kuandika tarehe ya mwisho ya chanjo ya pepopunda ya kila mtu, kwa sababu ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mkifika.