Kache moja ya pip kwa venv zote, bando inaniisha

Wa Kondele: Wakuu habari za jioni. Niko Kisumu, nafundisha vijana wanne Python kwa kompyuta moja ya Ubuntu na kila projekti ina venv yake (mazingira yake ya Python yaliyotengwa), sasa kila nikianza mpya, pip (kisakinishi cha pakeji za Python) inashusha laibrari ya torch tena kutoka sifuri na hiyo pamoja na vitu vyake inapita GB 2, jana bando ya wiki imeisha saa nne asubuhi na hatujaandika hata mstari mmoja. Hakuna njia venv zote zichote kwa folda moja?

Fundi wa Nakuru: Pole sana. Lakini kache ya pip, yaani akiba ya vitu ilivyoshusha, tayari ni moja kwa yuza, iko ~/.cache/pip, venv ziwe mbili ama ishirini. Kwa hivyo kuna kitu kinaizuia. Angalia komandi yako kama ina --no-cache-dir, inaambia pip isitumie kache, watu huitoa kwa Dockerfile ya mtu (faili ya maagizo ya kujenga imeji ya Docker) wanaibandika tu, kule inasaidia imeji isinenepe lakini kwako inakula bando. Na kama kila kijana ana akaunti yake, kila mmoja ana kache yake pia.

Wa Kondele: Weee ndiyo hiyo! Iko kwa skripti niliyokopi, mstari wa tatu.

Kakamega Dev: Itoe, lakini jua kache inaokoa bando, diski haiokoi, pip bado inajaza faili zote upya kwa kila venv. Mimi nilihamia uv, kisakinishi kingine mbadala wa pip, kwa Linux inatumia hadilinki, yaani faili ni moja kwa diski na venv zote zinaiona. Sharti kache na venv zikae patisheni moja, mimi kache nilikuwa nimeiweka hadidiski ya nje na nafasi ikaendelea kuisha kwa sababu hapo inarudi kukopi. Na usihariri faili ya laibrari ndani ya venv, utaharibu hadi ya kache.

Siku bando haipo kabisa, kache ya pip pekee haitoshi maana bado inauliza mtandaoni. Mapema fanya (requirements.txt ni orodha ya pakeji za projekti):

pip download -d ~/pakeji -r requirements.txt

halafu:

pip install --no-index --find-links ~/pakeji -r requirements.txt

Toleo la Python liwe lile lile, wheel (faili ya pakeji iliyo tayari) ya cp311, yaani ya Python 3.11, haikubali 3.12.

Wa Kondele: Nimejaribu venv mbili. Ya kwanza imeshusha, ya pili torch imeandika Using cached na ikaingia bila kugusa bando, asanteni sana jamani. Hiyo folda ya pakeji naiweka kwa flashi kesho, kuna kijana wangu wa Ahero nyumbani kwao netiweki ni shida.