Napiga chuma, nakula kidogo, kitambi kipo palepale. Nakosea wapi?

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, nimechoka.

Nina miaka 34, urefu sentimita 175, kilo 92. Mwezi wa tatu sasa napiga chuma siku nne kwa wiki. Asubuhi chai kavu, mchana nusu sahani ya wali na mchicha, usiku tikiti maji basi. Kwa hesabu yangu ni kalori 1,200. Mwanzoni zilishuka kilo nne, kisha mzani ukagoma. Skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani) ya kilo 80 nilikuwa naipiga mara nane; juzi kilo 65 tu, ya tano ikanishinda, nikarudisha chuma kwenye stendi naona nyotanyota. Usingizi sipati, na watoto nyumbani nawafokea bila sababu. Nipunguze chakula tena?

Mzee wa Chuma:
Mkuu, usipunguze hata punje. Kwa umri na mwili wako, kalori kama 1,850 zinatumika hata ukishinda kitandani. Ukijumlisha kazi na mazoezi inafika 2,600 hivi. Ukiunyima mwili kiasi hicho, unakula mpaka misuli unayoihangaikia. Panda hadi 2,100. Hapo mafuta yanaungua na nguvu ya kunyanyua unabaki nayo. Kizunguzungu kikiendelea, kamwone daktari.

Mama Tunu:
Pole kaka. Sasa protini iko wapi hapo? Lenga gramu 1.6 kwa kila kilo yako, yaani kama 145 kwa siku. Ya kopo ni bei mbaya, achana nayo. Mayai matatu ni gramu 18, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, dagaa wakavu gramu 50 wanakupa 25 na zaidi, jioni kipande kizuri cha kuku.

Ila hiyo 1,200 siiamini. Mchicha unaungwa na mafuta kiasi gani? Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na wengi wetu tunamimina kutoka kwenye dumu kwa macho.

Mwenye uzi:
Wakuu, nimerudi, wiki ya tano leo. Mama Tunu, shikamoo! Nilisimama jikoni na kijiko: mchicha wangu peke yangu ulikuwa unakunywa vijiko vitatu na nusu. Sasa ni kimoja, na mayai na dagaa vimeingia. Mzani umeshuka kilo moja tu, lakini futi ya fundi cherehani inasema kiuno kimetoka 104 hadi 101. Jana nimepiga 80 mara sita, na usiku nimelala mpaka adhana.