USHAURI: Watafiti wanataka mtoto wangu aingie kwenye utafiti wa lishe, nikubali?

Mama Imani, Mukuru:
Habari zenu wazazi. Binti yangu anakaribia miezi sita, ananyonya tu, hata maji sijampa. Majuzi mhudumu wa afya ya jamii alikuja na watafiti wawili. Wanasema akianza uji, watoto wengine watapewa pakiti za unga wa virutubisho wenye madini ya chuma, wengine unga unaofanana nao lakini hauna chuma. Atapimwa uzito na urefu, na kutolewa damu kidogo kidoleni. Mama mkwe hataki kusikia habari ya damu. Baba Imani amesema niamue mimi. Natamani kusaidia, lakini naogopa. Nifanyeje?

Baba Tuju:
Dada, usikubali. Damu ya mtoto si ya kuchezewa.

Nesi wa Eastlands:
Baba Tuju, hofu yako naielewa, ila tusimfungie mlango kabla hajauliza.

Mama Imani, kwanza hongera kwa kunyonyesha. Sababu ya kupima chuma umri huo ni kwamba akiba aliyozaliwa nayo mtoto huanza kuisha karibu na miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Uji mtupu hauzibi pengo hilo. Damu ya kidoleni ni matone machache, ya kuangalia kama ana upungufu wa damu.

Sasa, usidhani kundi la chuma ndilo lenye bahati. Kuna utafiti wa watoto wachanga pwani ya Kenya, matokeo yake yalitoka 2015, ulioonyesha kwamba unga wenye chuma unaweza kuongeza vijidudu vibaya tumboni. Kwa mitaa yetu yenye shida ya maji na vyoo, hilo ni jambo zito. Kwa hiyo waulize: akiharisha nampigia nani, na matibabu analipa nani? Akikutwa na upungufu wa damu siku ya kwanza, atatibiwa au ataachwa kwenye kundi lisilo na chuma? Hapo usikubali jibu la juujuu.

Waombe pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti nchini, na barua ya kamati ya maadili. Fomu ya ridhaa lazima iwe kwa lugha unayoielewa, iwe na namba ya kamati hiyo, na nakala moja ubaki nayo. Unaweza kujitoa siku yoyote, na kliniki haina ruhusa ya kukunyima huduma kwa sababu hiyo.

Mama Wawili, Kayole:
Wangu aliwahi kuwa kwenye utafiti wa ukuaji. Kilichomliza ni ubao wa urefu, si sindano. Wanamlaza, mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti. Nyonyesha papo hapo, atatulia. Na kila kipimo waandike kwenye kijitabu cha mama na mtoto, maana wengine huondoka na namba zote.

Kamau wa Pipeline:
Mimi naunga mkono. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano nchini ulikuwa asilimia 26 mwaka 2014, ukashuka hadi 18 mwaka 2022. Tusingejua hata hilo kama wazazi wangekataa watoto wao wapimwe.

Mama Imani, Mukuru:
Asanteni sana. Nimeitazama fomu, namba ya kamati ipo, lakini imeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Nitadai ya Kiswahili. Nesi, nikikataa nimpe nini chenye chuma?

Nesi wa Eastlands:
Yai, maini yaliyopikwa yakaiva na kupondwa, omena waliosagwa, maharagwe yaliyopondwa laini. Matunda yenye vitamini C kama chungwa husaidia chuma kufyonzwa. Chai usimpe kabisa, inazuia. Na uendelee kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, uingie utafiti au usiingie.

Mama Imani, Mukuru:
Sawa. Wanarudi Alhamisi. Mama mkwe amekubali tukae nao pamoja, maswali ya damu atauliza mwenyewe.