Sheria ya apdeti miaka mitano: tuidai, au ni kelele za wabahili?

Kiberenge (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tangu tarehe 20 Juni 2025, kampuni ikitaka kuuza simu janja mpya Umoja wa Ulaya inakubali masharti kwanza. Apdeti za mfumo zipatikane miaka mitano tangu toleo hilo liache kuingizwa sokoni, vipuri miaka saba, na betri ikishapita mizunguko 800 ya chaji iwe bado inabeba asilimia 80. Kampuni hizohizo zikishusha mzigo Kariakoo, hakuna anayeziuliza kitu. Unanunua simu ya laki tatu, mwaka wa kwanza inakimbia, wa pili inaganda, wa tatu apu ya benki inakuambia kifaa chako hakitumiki tena. Halafu tunasimangana kwamba Mbongo anapenda kubadili simu!

Hoja yangu: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, si wanakagua simu kabla hazijaruhusiwa sokoni? Basi waongeze sharti moja tu, mwisho wa apdeti uandikwe kwenye boksi, kama maziwa yanavyoandikwa mwisho wa kutumika. Mnakaa na simu muda gani, na hili mnaliona linawezekana? Mimi natumia simu ya 2019 na siyo kwamba ni mwalimu wala nini, nimeamua tu. Nawasilisha.

Mwl. Chaki
"Siyo kwamba ni mwalimu wala nini." Mwalimu kaingiaje hapo?

Bosi Mtoto
Miaka sita na simu moja? Mkuu hiyo siyo simu, hiyo ni ndoa ya kanisani. Mimi ikitoka mpya nahama. Unapiga picha harusini unatoka kama picha ya NIDA, halafu unasingizia sheria za Ulaya.

Fundi Waya
Nipo kwenye kazi hii ya simu, ngoja niseme ninachokiona mezani. Simu nyingi haziji kwangu kwa sababu ya uzee. Zinakuja na vitu vitatu: kioo, tundu la chaji, betri. Kioo cha simu ya bei ya chini kinaweza kufika nusu ya bei ya simu yenyewe, na hapo ndipo mteja anasema bora ninunue nyingine. Betri nyingi zinauliwa na joto: chaja ya buku tatu, simu chini ya mto inachaji huku mtu anaangalia video. Ikivimba inasukuma kioo, mteja anasema "kioo kimejifungua chenyewe."

La nne mtu halioni: memori. Simu za bei nafuu zinatumia memori za aina ya taratibu, eMMC, na mtu anaijaza mpaka zimebaki MB mia mbili. Video za kwaya, picha za "asubuhi njema" za makundi kumi na mbili. Lazima igande. Futa kwanza, halafu ndiyo ulaumu kampuni.

Na mzunguko mmoja wa chaji ni asilimia mia nzima, siyo kila ukichomeka. Ukitoka 50 kwenda 100 leo na kesho tena, huo ni mmoja.

Mwl. Chaki
Fundi asante kwa elimu. Mleta mada, nasubiri.

Kiberenge
Mwalimu, ulikuwa utani tu. Turudi kwenye mada. Fundi, hoja yako ya kioo ndiyo sababu ya kudai vipuri, umeniunga mkono bila kujua.

Ngosha Mkweli
Utani gani? Humu ndani mtu akitaka mfano wa mtu asiye na hela lazima amtaje mwalimu. Mbona hukusema "siyo kwamba ni mbunge"?

Bosi Mtoto
Kwa sababu mbunge hana simu yenye rababendi 😂 Wetu wa hesabu alikuwa nayo, mfuniko ulikuwa haushiki. Ikiita anaibana na bega huku anaandika ubaoni. Ukweli unauma, wakuu.

Mwl. Chaki
Sawa Bosi. Huyo mwenye rababendi ndiye aliyekufundisha kujumlisha hizo bei za simu unazotutajia. Simu yangu mimi ina makundi ya wazazi wa madarasa manne, ina matokeo ya watoto, na mfumo wa kujaza majukumu ya kazi tunaingia kwa simu zetu na bando letu. Mwaka juzi simu yangu ilikuwa nzima, kioo kizima, betri nzima. Kivinjari kikagoma kufungua huo mfumo kwa sababu Android yake ni ya zamani. Nikanunua nyingine. Sikuwa nimeichoka, na mke wangu ni shahidi. Kwa hiyo mada ya Kiberenge naiunga mkono kuliko anavyoiunga mkono yeye mwenyewe, ila ameianza kwa kututukana.

Kamagera 254
Majirani, salamu kutoka Nairobi. Huku tangu 2020 kuna Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, ilianza na shilingi 20 kwa siku, mtu anaondoka na simu ya 4G. Hebu niwaulize, mkiweka hiyo sheria ya Ulaya, kampuni italipia hizo apdeti na mfuko wa nani? Ile simu ya mama mboga itapanda, na yeye atarudi kwa simu ya kitufe. Ulaya wanaweza kuamua hivyo kwa sababu mtu wa huko alikuwa na simu janja tangu zamani. Sisi bado kuna watu wanaingia mtandaoni kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mimi naona tuwaache waingie kwanza.

Pia tafadhali, Wabongo, mtu akisema kwenu mko juu kwa mambo ya simu, kumbukeni sisi tulizima simu feki 2012. Nyinyi mlikuja lini?

Msemakweli01
Kamagera ungeishia kwenye mama mboga ungekuwa na hoja nzuri. Kwa hiyo umekuja kutafuta sifa?

Ngosha Mkweli
Sisi ilikuwa 2015 hivi, au 2016, walizima zikarudi zote kwa mlango wa nyuma.

Fundi Waya
Ilikuwa 2016, Juni 16 usiku. Nakumbuka kwa sababu wiki ile watu walikuja wamepanga foleni, kila mtu anabonyeza *#06# anaangalia namba. Haijarudi hata moja kwa mlango wa nyuma, hiyo namba, IMEI, ikishafungwa imefungwa. Zilizorudi ni za watu waliotaka kubadilishiwa IMEI, na hiyo ni kesi, usiniulize.

Pweza wa Darajani
Nyinyi watu wa bara mnajichosha bure. Suala hapa si sheria, suala ni kununua kitu kizuri kilichotumika. Mtumba wa Dubai, yakhe! iPhone 6s ilitoka 2015, na mwaka 2021 ikapewa iOS 15, hiyo ni miaka sita bila ya sheria ya mtu yeyote. Nionyeshe simu yako mpya ya laki tatu iliyopata hata apdeti mbili. Mtu anaona haya kununua mtumba wa simu, na shati alilovaa ni la mtumba.

Msemakweli01
Pweza, hiyo kampuni unayoisifu Desemba 2017 ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu, kwa apdeti hizohizo unazozisifu. Ufaransa wakawapiga faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020. Apdeti siyo sadaka.

Pweza wa Darajani
Walisema ni ili isizimike ghafla betri ikizeeka, na wakashusha bei ya kubadili betri kutoka dola 79 hadi 29. Wewe simu yako ikizeeka nani anakushushia bei? Hata Samsung walipigwa faini na Wajerumani, mbona huwataji?

Msemakweli01
Waitaliano, 2018. Apple milioni 10, Samsung milioni 5. Kama unataka kunipinga na takwimu zangu, zichukue zikiwa sahihi.

Pweza wa Darajani
Aliyekuudhi nani leo?

Bosi Mtoto
Kwanza hao wa mtumba ndio wanaotuharibia. iPhone asilimia ya betri 100, ukiuliza imebadilishwa wanakuapia. Mimi nanunua boksi limefungwa. Mwanaume unanunua simu iliyokwisha kushikwa na mwanaume mwenzio?

MamaPili
Nyumba unayoishi umejenga wewe? 🙄

Na nyie wanaume mmejaza ukurasa mzima na walimu na Wakenya. Mimi kilichonifanya nibadili simu ni WhatsApp. Oktoba 2023 walisema Android chini ya 5.0 basi. Simu ya mama yangu kijijini ilikuwa inapiga, inapokea, inatuma pesa, ina tochi. Siku WhatsApp ilipokata hakuwaona wajukuu tena, ikabidi tumchangie nyingine. Sasa wewe Kiberenge na boksi lako la maziwa, utaandika nini hapo, "mwisho wa WhatsApp"? Anayeamua simu yangu ife lini hata haiuzi simu yenyewe.

Kiberenge
MamaPili hilo ni zito, nakiri halikuwa kwenye hesabu zangu. Lakini linanisaidia. Ile Android ingekuwa imepandishwa na kampuni, WhatsApp isingekata. Hata iPhone 5s na 6 zilikatwa Mei 2025 kwa sababu hazikuweza kupanda hadi iOS 15.1. Mzizi ni apdeti.

MamaPili
5s ni ya 2013, Apple wakaacha kuiuza 2016. Miaka mitano yako ingeishia wapi? Piga hesabu, au muulize mwalimu.

Mwl. Chaki
Asante mama. Kwa hesabu za mwalimu wa rababendi: 2016 jumlisha mitano ni 2021. Haifiki.

Ngosha Mkweli
🔥🔥🔥

Kobalti243
Habari ndugu zangu, niko Lubumbashi. Nawasoma mnabishana laki tatu, laki tano. Betri hizo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu huku, nyingi upande wa Kolwezi. Mtu akibadili simu kila mwaka ni shimo lingine linachimbwa. Mwaka 2022 dunia ilitupa taka za umeme na elektroniki tani milioni 62. Sijaona mtu yeyote hapa amegusa hilo.

Bosi Mtoto
Kwa hiyo nisinunue simu ili wewe usichimbe? Si ndiyo ajira yenu?

Kobalti243
Sijasema nachimba. Mimi ni mhasibu. Umeona jina la mji ukaona sululu.

Ngosha Mkweli
Bosi leo umewagusa walimu, wenye mitumba na Wakongo. Wamebaki wavuvi.

Kamagera 254
Nimeuliza nani analipa, mmenijibu 2012 na 2016. Haya basi.

Msemakweli01
Nikujibu. Google walianza na Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakafuata na S24 mwaka 2024, wote apdeti miaka saba. Utasema hizo ni simu za mamilioni. Sawa, lakini Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024 imeahidiwa miaka sita, na hiyo siyo simu ya waziri. Kwa hiyo "bei itapanda mpaka mama mboga akose" siyo lazima. Tatizo ni kwamba mnunuzi hapa hajui kuuliza, anauliza kamera ina megapikseli ngapi na kama kuna kava ya bure.

Kamagera 254
A16 na simu ya shilingi 20 kwa siku siyo rika moja, boss. Ila angalau umejibu.

Kiberenge
Ndiyo maana nasema iandikwe kwenye boksi! Hata kama siyo lazima iwe mitano, andika "apdeti: mwaka mmoja" mtu ajue anachonunua.

Bosi Mtoto
Naona mada imekuwa ya boksi sasa, ilianza sheria ya miaka mitano 😂 Wazee wa simu kuukuu usiku mwema, mimi nachaji mashine yangu.

MamaPili
Tukiacha utani, nimepata Samsung A54 iliyotumika, laki nne na nusu, muuzaji anasema ilikuwa ya shangazi yake. Nichukue?

Fundi Waya
Mama, simu zote zilizotumika zilikuwa za shangazi. Nenda nayo mchana, siyo jioni. Kwanza *#06#, namba ifanane na ya kwenye boksi. Ingiza laini yako, piga simu, sikiliza spika zote mbili. Weka ukurasa mweupe kioo chote uangalie madoa na vivuli. Chomeka chaji uitikise waya kidogo, ikikatika tundu limechoka. Halafu hili wengi wanalisahau: ifute yote mbele yake, iwashe upya. Ikikuomba akaunti ya mtu mwingine, au ikileta ujumbe wa kampuni ya mkopo, mrudishie shangazi yake. Wiki hii nimeletewa tatu za hivyo, mtu kaacha kulipa akauza.

Pweza wa Darajani
Mwisho mmekuja kwenye mtumba wote. Nilisema.

Ngosha Mkweli
Jamani Bosi Mtoto tangu juzi usiku hajaonekana. Siyo kawaida yake, au wavuvi wamemkamata?

Bosi Mtoto
Nipo, nilikuwa na dharura. Naandika kwa simu ya shemeji.

Ngosha Mkweli
Dharura ya rejesho? 😂😂

Mwl. Chaki
Boksi lilikuwa limefungwa, na simu nayo imefungwa.

Bosi Mtoto
Ni mtandao tu, acheni maneno. Fundi, njoo piemu mara moja.

Fundi Waya
Mkuu, kama ni ile ya kufungua simu ya mkopo, sifanyi. Lipa, itafunguka yenyewe.