Kuongeza HP (nguvu za farasi) kwenye kichwa cha lori: rimapu, boksi, pampu au kubadili injini kabisa?

KichwaNaTela
Wakuu habari za jioni. Nina vichwa viwili vinapiga Dar–Tunduma mpaka Zambia, kimoja ni Scania R420 ya PDE (uniti injekta) inavuta interlinki (tela mbili zilizounganishwa) ya ekseli 7, kwa hiyo mizani inasoma karibu kabisa na tani 56, kingine ni Howo 371 ya pampu ina semi ya kawaida. Mlimani Kitonga kule Iringa zinatambaa hadi foleni inajaa nyuma. Nimeambiwa kuna rimapu (kubadili programu ya kompyuta ya injini), kuna boksi la kuchomeka tu, kuna kufungua pampu ya mafuta, na jamaa mwingine ananishawishi nivue injini niweke V8 (ya silinda nane). Kwa mliofanya au mnaofanya kazi hizi, ipi inalipa? Bajeti ipo ila sio ya kuchezea.

fundi_nozeli
Mkuu anza kwa kujua una injini ya aina gani, maana hapo ndio watu wanapigwa hela. Yale maboksi ya kuchomeka mengi yanaidanganya sensa ya presha ya reli (bomba la pamoja la mafuta la injini za komoni reli) ili injini iongeze mafuta, sasa PDE haina reli, kila silinda ina uniti injekta yake inayosukumwa na kemshafti. Volvo D12 na zile D13 za mwanzo ni hivyo hivyo, Actros ya OM501 nayo ina pampu ndogo moja moja kwa kila silinda. Kwa hiyo akikuletea boksi la komoni reli kwa ajili ya hiyo R420 mrudishie. Kwako ni rimapu ya kontrol boksi (kompyuta ya injini) tu, na rimapu ya kweli kweli inafanya kazi, kwa sababu hata kiwandani bloku moja inauzwa kwa nguvu tofauti. Mfano D13 ya FH ilitoka na 400, 440, 480 na 520, kinachobadilika ni programu na baadhi ya vifaa. Hapo kwenye baadhi ya vifaa ndio pa kuuliza, usikubali kuambiwa ni programu tupu. Pistoni, nozeli au turbo vinaweza kuwa tofauti, sasa ukimwaga faili ya nguvu kubwa kwenye vifaa vya nguvu ndogo unaomba matatizo.

Ekseli7
Nimekaa nikapiga hesabu maana mada hii watu huwa wanaongea kwa hisia. Chukua tani 56, mlima wenye mwinuko wa asilimia 7 na urefu wa kilomita 6, tuseme asilimia 10 ya nguvu inapotea kwenye giaboksi na difu. Farasi 420 zinakupandisha kama kilomita 24 kwa saa. Farasi 480 kama 27. Muda wa kupanda unatoka dakika 15 unakuja 13. Yaani HP 60 unazozilipia zinakupa dakika mbili kwa mlima mmoja mrefu, na tambarare hazina kazi kubwa maana lori sheria inakufunga 80. Sisemi usifanye, nasema jua unanunua nini. Kama tatizo ni safari kuchukua muda, angalia unapotezea wapi, mara nyingi ni boda na mizani.

SukaWaNyanda
Ekseli7 hesabu nzuri ila kaka kuna kitu haisemi, gari ikiwa na torki (nguvu ya kuzungusha) dereva habadili gia ovyo katikati ya kona, na kule Kitonga ukikosa gia na mzigo kamili unaweza kusimama, kuondoka tena pale ni shughuli ya klachi kuungua. Mimi natamani torki kuliko HP. R420 inakupa kama Nm 2100 kuanzia mizunguko 1100 mpaka 1350 kwa dakika, hapo ndio pa kupandia, ukiona dereva wako anapanda na 1900 moshi unatoka basi kabla ya rimapu mrudishe darasani.

Halafu jambo ambalo linaniuma, wenye magari mkiongeza nguvu mnaongelea kupanda tu. Gari likipanda kwa kasi litashuka na mzigo ule ule na breki zile zile. Kama retada (breki saidizi ya kushukia mlima) haifanyi kazi vizuri, au breki ya ekzosti imekufa, hela ya kwanza ipeleke huko. Tumezika wenzetu kwenye miteremko, tafadhali.

fundi_nozeli
Nakazia hapo kwa Suka.

PampuMbagala
Kwa upande wa Howo mzee wangu, ile WD615 ya lita 9.7 inatoa 371 ikiwa kwenye mizunguko 2200 na ni pampu ya laini (pampu moja yenye laini ya mafuta kwa kila silinda), kompyuta haipo, kwa hiyo kila kitu ni mikono na benchi (mashine ya kupimia pampu). Kuongeza mafuta kwenye pampu ni rahisi mno na ndio hatari yake, fundi wa mtaani anageuza skrubu gari linapata nguvu siku hiyo hiyo, mwenye gari anafurahi analipa. Mafuta bila hewa ya kutosha hayaungui yote, unapata moshi mweusi na joto kwenye ekzosti. Joto kabla ya turbo likizidi kama nyuzi 700 kwa muda mrefu pistoni za alumini zinaanza kuchoka, na mlima wa robo saa ni muda mrefu. Kisha kumbuka Mbeya ipo juu karibu mita 1,700, hewa kule ni nyepesi, turbo inajitahidi kufidia lakini pampu ya laini haijui kwamba umepanda. Ilivyosetiwa Dar kwenye joto na hewa nzito itamwaga mafuta yale yale kule juu.

Mimi Howo ikija kwangu inalia haina nguvu, pampu yake naipeleka kwenye benchi naipima kila laini inatoa mafuta sawa, nozeli presha yake, taimingi, tapeti. Nyingi zinaondoka zikiwa na nguvu zake za kiwandani na mwenyewe anadhani nimemuongezea.

TorkiTupu
Hii ya PampuMbagala ndio jibu la thread nzima kwa maoni yangu. Injini yenye kilomita nyingi inaweza kuwa imeshapoteza farasi wengi kimya kimya. Intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyopasuka kidogo huioni kwa macho, ziba pande mbili, jaza upepo wa kompresa taratibu, paka maji ya sabuni, utaona mapovu. Hosi za upepo zinalegea kwenye klempu. Filta ya hewa kwa vumbi la njia zetu. Hivyo vitu gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na rimapu, na rimapu ikifanywa juu ya intakula inayovuja inaongeza mafuta pasipo hewa, unarudi kule kule kwenye joto.

Kuhusu V8, kaka achana nayo. Sio injini tu, ni mauntini, rejeta, waya zote na kontrol boksi, giaboksi iendane, na TRA ubadilishe namba ya injini kwenye kadi. Uza hiyo R420 ikiwa nzima ongeza hela ununue R500 iliyotoka kiwandani hivyo.

KichwaNaTela
Aisee asanteni sana wakuu, nimejifunza. Na kubadili difu je? Kuna fundi kasema nitoke uwiano wa 3.08 niende 3.42 nitapata nguvu bila kugusa injini.

Ekseli7
HP haiongezeki hata moja. Kwenye gia ile ile tairi linapata mvuto zaidi asilimia 11, lakini hata sasa ukishusha nusu gia unapata mvuto huo. Faida ya kweli ni kuondoka ukiwa na mzigo umesimama mlimani. Hasara, ukiwa 80 injini inazunguka zaidi kwa asilimia 11 hiyo hiyo, safari nzima mpaka Dar, na dizeli utaiona.

fundi_nozeli
Ukiamua rimapu baada ya kupima kila kitu, mwambie akuachie faili ya asili kwenye flashi, asizidishe torki ya giaboksi yako. Kwa Volvo jina linakuambia, VT2514 ni Nm 2500 gia 14. Kwenye Scania soma kibati cha giaboksi ukatafute uwezo wake. Na funga geji ya joto la ekzosti kwenye manifoldi kabla ya turbo, dereva aione. Ikigonga 650 mlimani anapunguza mguu anashusha gia.

KichwaNaTela
Sawa mkuu. Jumamosi gari zote zipo yadi, naanza na intakula ya R420 na Howo naipeleka kwa fundi wa benchi. Nitaleta mrejesho wa vipimo hapa hapa.